Taa nane, swichi moja ya kwenye simu: zikigoma uanzie wapi

Simu za usiku huanza vilevile. "Fundi, taa zako zimegoma." Zikiwaka vizuri ni taa za mwenye nyumba, zikigoma tu, zinageuka kuwa zangu.

Nafunga taa hizi zinazoamrishwa kwa simu, Mbeya mjini, na mara mojamoja naitwa Tukuyu au Iringa. Wateja wengi hawataki tena kuwasha balbu mojamoja. Wanataka swichi pepe, yaani ile batani ya ndani ya simu inayoamrisha taa za sebule nzima, au zote za nje, kwa mguso mmoja. Sina ugomvi nayo. Ila kabla hujaanza kuisaka kasoro, kumbuka kwamba swichi pepe haipitishi umeme. Inapeleka ujumbe. Umeme unapita palepale ulipopita siku zote, kwenye waya wa dari, kupitia swichi ya ukutani ambayo bado ipo na bado kuna mtu anaizima.

Jaribio la dakika moja, kabla ya yote

Acha batani ya kundi. Ingia kwenye programu, fungua taa mojamoja, washa na uzime kila moja peke yake.

Zote zikitii peke yake lakini kwa pamoja zinakataa, kasoro iko kwenye kundi au kwenye swichi pepe yenyewe. Ikigoma moja au mbili, shughulika na hizo na mahali zilipo. Zikigoma zote, usipande ngazi: tazama umeme, ruta na bando. Nimeona mtu kashusha balbu sita kutoka kwenye dari la jipsamu, kazipanga mezani kama mayai, kumbe bando liliisha tangu mchana.

Baadhi zinawaka, moja au mbili zimebaki giza

Sababu ya kwanza, na ya pili, na ya tatu ni swichi ya ukutani. Balbu iliyokatiwa umeme ukutani haina sikio la kusikia simu yako. Kwenye programu itaonekana imepauka, au itaandikwa kwamba haipo mtandaoni. Tembea nyumba nzima uhakikishe swichi zote za taa hizo zimewashwa, kisha subiri dakika moja, maana balbu inahitaji muda wa kujiunga tena.

Kuna nyumba moja mtaa wa Forest niliyoitwa mara tatu kwa kosa hilihili. Mara ya tatu nilimkuta bibi wa pale sebuleni.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mwanangu. Umekuja na zile taa?"

"Nimekuja bibi. Eti nani anazima swichi za hapa ukutani?"

"Mimi. Nilale na swichi imewashwa, uniti za LUKU ziende bure?"

Bibi hakuwa amekosea kabisa. Balbu ya namna hii hata ikiwa haitoi mwanga inakula umeme kidogo, nusu wati hivi, ili iendelee kusikiliza. Balbu nane kwa mwezi mzima ni karibu uniti 3. Si nyingi, lakini ni za kwake. Nilichofanya ni kubandika swichi ndogo ya betri juu ya ile ya ukutani, akawa anabonyeza hiyo; ile ya zamani nikaifunika kwa kava. Kuwaambia watu "msiguse" hakufanyi kazi. Mkono wa mtu umezoea ukuta miaka hamsini, hauwezi kuacha kwa sababu umeweka programu kwenye simu. Mpe mkono huo kitu cha kubonyeza.

Dawa kubwa zaidi ni kurudisha balbu za kawaida na kuweka kifaa cha kupokea amri nyuma ya swichi ya ukutani. Hapo swichi ya mkono na ya simu zinafanya kazi pamoja bila kugombana. Lakini nyumba zetu nyingi zina laivu tu (waya unaoleta umeme) kwenye boksi la swichi, nyutro (waya unaourudisha) imeishia juu darini, na vifaa vingi vya aina hiyo vinataka nyutro. Hiyo ni kazi ya fundi mwenye leseni, na nyutro isiibiwe kwenye saketi ya soketi iliyo jirani.

Sababu inayofuata ni umeme kucheza. Wakati wa mvua, kati ya Novemba na Aprili, umeme unaweza kukatika na kurudi mara tatu, nne, ndani ya nusu dakika. Sasa balbu nyingi zinawekwa upya kwa njia hiyohiyo: washa, zima, washa, zima, mara tatu au tano kutegemea aina. Balbu haijui kama ni wewe au ni radi. Inahesabu tu, na hesabu ikitimia inajisahaulisha jina la waifai yako na kuanza kupepesa harakaharaka, kusubiri kuunganishwa. Ukiona moja inapepesa hivyo baada ya umeme kurudi, haijafa. Iunganishe upya. Kisha, na hapa ndipo wengi wanaponipigia tena kesho yake, irudishe kwenye kundi. Programu nyingi zinaihesabu kama taa mpya; kundi bado linamwita yule wa zamani ambaye hayupo. Futa jina la zamani, mpe mpya jina lilelile, mwingize kundini.

Kama swichi ziko sawa na hakuna kupepesa, fikiria umbali. Kuta za matofali ya kuchoma ni nene, na waifai ikishavuka mbili au tatu inachoka. Taa ya geti au ya banda la nyuma ndiyo inayoumia. Ruta nayo mara nyingi imewekwa chumbani nyuma ya kabati, au juu ya dari chini ya mabati. Ishushe, iweke katikati ya nyumba, mahali pa wazi. Kupima ni rahisi: zima breka ya taa, subiri balbu ipoe, badilishana na ile iliyo karibu na ruta. Tatizo likihama na balbu, balbu ni mbovu. Likibaki palepale, ni mahali: ama mtandao haufiki, ama holda imelegea.

Ukikuta holda imekuwa nyeusi, plastiki imeyeyuka, au kuna harufu ya kuungua, ishia hapo. Breka ibaki imezimwa mpaka fundi afike.

Hakuna hata moja inayotii

Anza na yale ya aibu. LUKU ipo? Bando lipo? Fungua kitu kingine chochote cha intaneti kwa waifai ya nyumbani, si kwa data ya simu. Balbu nyingi za waifai zinapokea amri kupitia seva iliyo nje ya nchi: unagusa simu ukiwa kwenye kochi hapo Uyole, ujumbe unavuka bahari, unarudi, ndipo taa iliyo mita mbili juu ya kichwa chako iwake. Bando likikatika safari hiyo haipo. Baadhi ya programu zinaweza kuongea na taa moja kwa moja simu ikiwa kwenye waifai ileile, lakini swichi pepe ya kundi na ratiba zake huenda bado zinategemea seva. Kwa nyumba ambayo bando linakatika mara kwa mara ningeshauri mfumo wa Zigbee, yaani taa zinazoongea kwa redio yake badala ya waifai, wenye kisanduku chake, au Home Assistant, programu ya kuendesha vifaa vya nyumba, kwenye kompyuta ndogo ya nyumbani. Ni gharama zaidi mwanzoni, ila taa haziulizi salio.

Kama umeme umerudi sasa hivi, tulia dakika tano. Balbu zinaamka kabla ya ruta, zinatafuta waifai, hazioni, zinasubiri. Nyingi zitajiunga zenyewe.

Je, kuna aliyebadilisha ruta, au jina la waifai, au nywila? Hili linakuja sana baada ya wageni wa sikukuu, mwenye nyumba anapoona majirani wote wanajua nywila yake. Balbu hazijui habari hiyo. Kama kilichobadilishwa ni ruta, badala ya kuunganisha upya taa nane mojamoja, ipe ruta mpya jina na nywila za ruta ya zamani, herufi kwa herufi, pamoja na nafasi na herufi kubwa. Zitarudi zenyewe. Angalia pia ruta isiwe kwenye masafa ya gigahezi 5 pekee. Balbu karibu zote zinasikia 2.4 tu. Na ulinzi wake uwe WPA2, kwa kuwa balbu nyingi zinakwama kwenye WPA3 tupu.

Mwisho ni ruta kujaa. Vile viruta vya mfukoni na simu inayogawa intaneti vingi vinakubali vifaa 10 hivi. Taa nane, televisheni moja, simu nne: tayari umezidi, na atakayefungiwa nje ni yeyote aliyechelewa. Leo taa ya jikoni, kesho simu ya mama. Dalili yake ndiyo hiyo, kwamba kinachogoma hakikai kimoja.

Ikiwa ni breka ya taa ndiyo iliyoanguka, irudishe mara moja tu. Ikianguka tena, usishindane nayo.

Zinawaka moja baada ya nyingine, kama bisi kwenye sufuria

Hii haiui mtu, lakini inamkera aliyelipia.

Mara nyingi unachoita kundi si kundi. Ni orodha: washa taa ya kwanza, washa ya pili, washa ya tatu. Kila amri inasafiri peke yake na kufika kwa wakati wake. Kundi la kweli la Zigbee linaandikwa ndani ya balbu zenyewe. Kila moja inajua "mimi ni wa kundi la sebule", na swichi inapotuma ujumbe mmoja, zote zinausikia pamoja. Ukiwa na Home Assistant, kundi unalotengeneza kwenye mipangilio ya kawaida bado linaita taa mojamoja. Nenda utengeneze kundi ndani ya sehemu ya Zigbee yenyewe, kisha swichi pepe yako iamrishe hilo. Tofauti utaiona kwa macho. Taa sita za sebule zilizokuwa zinafuatana kama foleni ya daladala zinawaka kwa pigo moja.

Kwa balbu za waifai huwezi kuondoa uchelewaji wote. Unaweza kuupunguza kwa kutumia kundi la programu badala ya kanuni (maagizo uliyoyaandika kwenye programu yajiendeshe yenyewe) yenye amri nane. Programu nyingi hukubali balbu za aina moja tu kwenye kundi, hivyo nunua za aina moja kwa chumba kimoja. Wauzaji wa Mwanjelwa watakuchanganyia ukiwaachia. Fungua maboksi palepale dukani.

Zigbee na waifai pia zinagombania hewa ileile ya gigahezi 2.4. Zigbee ina chaneli 11 hadi 26. Waifai kwa kawaida hukaa kwenye 1, 6 au 11. Namba zinafanana lakini si kitu kimoja. Ruta ikiwa kwenye 1, Zigbee kwenye 25 inapumua vizuri. Badilisha chaneli ya ruta kwanza, kwa sababu ukihamisha ya Zigbee unaweza kulazimika kuunganisha taa zote upya. Na kama antena ya Zigbee umeichomeka moja kwa moja kwenye tundu la USB 3, ivute mbali kwa waya wa kurefusha, hata nusu mita. Tundu hilo lina kelele zake.

Swichi inasema zimewaka, taa zimezima. Au inabidi ubonyeze mara mbili

Hapa ndipo wengi wanadhani simu ni mbovu.

Mifumo mingi inaona kundi limewaka ikiwa hata taa moja imewaka. Umeingia sebuleni, giza, unabonyeza swichi pepe. Hakuna kitu. Unabonyeza tena, zinawaka. Kumbe mtoto aliacha taa ya kona ya kusomea, iliyo kwenye kundi hilohilo, upande ambao huuoni. Kundi likajihesabu limewaka, na mguso wako wa kwanza ukalizima. Mfumo umekutii, ila ulielewa tofauti na wewe. Dawa ni batani mbili, moja ya kuwasha na moja ya kuzima, badala ya moja ya kugeuza. Kwenye Home Assistant upo pia uchaguzi wa kundi kuhesabiwa limewaka pale tu taa zote zimewaka.

Kisha kuna swichi pepe ambayo ni kumbukumbu tupu. Umeitengeneza kama alama ya ndiyo au hapana, na kanuni inasema alama ikiwa ndiyo, washa taa. Mtu akizizima kwa njia nyingine, alama inabaki ndiyo. Kuibonyeza hakuleti jipya kwa sababu, kwa inavyojua yenyewe, taa zimewaka. Hivyo unaongeza kanuni ya pili: taa zikizimwa, alama nayo izimwe. Sawa, lakini kuwa mwangalifu, maana dalili inayofuata inazaliwa hapo.

Taa zinawaka na kuzima zenyewe bila kukoma. Kanuni ya kwanza inafuata ya pili, ya pili inafuata ya kwanza, kama mbwa na mkia wake. Niliwahi kuikuta Iringa, Gangilonga, familia imekaa nje barazani inaogopa kuingia ndani. Mzee wa nyumba alishaanza kutaja majina ya majirani. Simamisha kanuni moja kati ya hizo mbili. Zikitulia umempata mchawi. Kisha weka sharti: kanuni ibadilishe alama pale tu alama inapotofautiana na taa, na isubiri sekunde mbili tatu kabla ya kutenda.

Zinawaka saa zisizo zake

Mwenye nyumba ya wageni alinilalamikia kwamba taa zake za nje zinawaka usiku wa manane. Alikuwa ameweka ratiba mwenyewe. Nikamuuliza aliweka saa ngapi. "Saa moja, fundi. Saa moja jioni." Nikaangalia simu: 1:00. Simu haihesabu saa kama sisi. Saa moja jioni kwake ni 19:00, na 1:00 ni saa saba usiku. Hata mimi nimeshawahi kukosea hapo, tena kwa mteja. Iweke simu kwenye mtindo wa saa 24, na kuanzia saa moja jioni hadi saa tano usiku ongeza 18: saa moja 19, saa mbili 20.

Kama ratiba inafuata machweo na taa zinawaka kukiwa bado kweupe, tazama mahali programu inapodhani upo. Nyingi zikiona saa za Afrika Mashariki zinajiwekea Dar es Salaam, au hata Nairobi. Jua la Mbeya linazama kama dakika 20 baada ya lile la Dar. Andika Mbeya.

Zikiwaka zote saa nane usiku umeme unaporudi, tafuta mpangilio wa hali baada ya umeme kurudi. Kuna "washa", "zima" na "hali ya mwisho". Mimi naweka hali ya mwisho. Ukiweka "zima", siku simu ikipotea, swichi ya ukutani haitakusaidia kuwasha taa.

Zikifuata matakwa ya mtu usiyemjua, pitia orodha ya watu walioalikwa kwenye programu. Mpangaji aliyehama anaweza kuwa bado yumo.

Zinapepesa, zinavuma, au zinatoa mwanga hafifu zikiwa zimezimwa

Hapa tunatoka kwenye ujumbe, tunaingia kwenye umeme wenyewe. Kwanza angalia kama ukutani kuna dima, ile swichi ya kuzungusha. Balbu hizi hazipatani nayo. Iondolewe, iwekwe swichi ya kawaida. Pili, swichi yenye kitaa kidogo chekundu cha kuonyesha usiku hupitisha umeme kidogo unaotosha kuipa balbu mwanga wa kizimwi. Hiyo inakera tu.

La tatu ni baya zaidi: swichi imefungwa kwenye nyutro badala ya laivu. Balbu inazimika, lakini holda bado ina laivu, na atakayebadilisha balbu kwa kuamini swichi anaweza kupigwa na umeme. Kama mwanga hafifu haueleweki, usifungue chochote. Fundi mwenye leseni ya EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, apime.

Dalili nyingine za kukufanya usimame mara moja: taa za upande mmoja zinang'aa kupita kiasi huku nyingine zinafifia, dalili kwamba nyutro imekatika mahali, zima mein swichi upige TANESCO kabla televisheni na friji havijaungua. Swichi au kava linalopata joto. Mguso unaokuchoma kidogo kwenye chuma cha taa. Maji ndani ya taa ya nje, jambo la kila mwaka Tukuyu ambako mvua haina likizo. Breka ya saketi hiyo ibaki chini hata kama juu ya kava kumekauka. Na wakati wa radi, ngazi ibaki stoo.

Ukimpigia fundi, mwambie ni taa ngapi, zipi, tangu lini, umeshajaribu nini, na nani aliigusa ruta mara ya mwisho. Hilo la mwisho ndilo nyumba nzima hulijibu kwa kutazamana.